Barua ya Jovelyn ya Kuomba Uuguzi

Choleng, shika simu! Soma ujumbe huu wote kabla hujajibu.

Unamjua Jovelyn, mjukuu wangu mwenye digrii ya kuchora majengo. Sasa anaomba chuo cha uuguzi. Wiki nzima namtania: "Nyumba zimekukosea nini? Zenyewe angalau hazitapiki."

Leo ameingia kuoga, barua ya maombi kaiacha mezani. Nikaisoma. Usininunie, hata wewe ungeisoma.

Chuo kimeuliza kwa nini anaacha fani yake. Kaandika: "Mwezi wa Juni daktari alituambia kansa ya lola, bibi yangu, imeenea. Tumekubaliana asijue. Nataka kujifunza kuwauguza watu kama yeye."

Lola wake ni mimi, Choleng. Bibi mwenyewe ni mimi! Kumbe vile vidonge wanavyonipa wakisema ni vya "tumbo"...

Mara katoka bafuni, taulo kichwani. "Lola, umeisoma?"

"Nisome nini bila miwani, we mtoto?"

Miwani ilikuwa puani. Tukatazamana. Akasema taratibu, "Haya, Lola," akaenda jikoni. Nilisikia maji yanamwagika, lakini sikusikia chombo kikioshwa.

Tumekubaliana. Kaandika TUMEKUBALIANA. Nani na nani?

Tangu Juni unaniletea uji wa kuku kila Jumapili, wewe jirani ambaye hata chumvi unaazima kwangu. Nikadhani uzee umekulainisha moyo.

Choleng, ulijua?

Tiki zimekuwa za bluu. Naona unaandika.

Mbona umeacha?