Mlima Ndani ya Kioo

Shangazi yangu Ndeshi,

Shikamoo. Najua huko uliko hakuna posta, lakini nisipokuandikia leo nitapasuka. Imesimama! Picha yangu kubwa ya mchanga iko kwenye ile nyumba mpya ya wageni mjini Moshi, pana kama meza ya kulia chakula, imefungwa kwenye chuma ili igeuzwe, na haijavuja hata tone. Watu wanapanga foleni kuigeuza. Foleni, Shangazi, na si ya sukari!

Wewe uliziona zile ndogo tu: vioo viwili vilivyobanwa, katikati maji, mchanga mweusi wa mtoni na ule mweupe niliotumiwa kutoka Tanga. Unakumbuka ya kwanza? Niliigeuza jikoni kwako, mchanga ukateremka taratibu ukipenya kwenye mapovu ya hewa, ukajenga vilima chini. Uliacha kukoroga mtori wa ndizi ukaigeuza tena, na tena, mpaka mtori ukaungua. "Haurudii!" ulisema. "Kila mara mlima mwingine!"

Kisha maji yakaanza kuota ukijani. Nilichemsha, nikatia chumvi, wapi! Wewe, mama wa kwaya, ukaingia migombani ukatoka na chupa ya gongo ambayo hata mchungaji hakuijua. "Tia hii. Mjomba wako kainywa miaka yote na hajaoza." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini maji yalibaki maangavu, na mchanga ukawa unashuka kwa madaha zaidi.

Baba hakucheka. Mwalimu mzima kama mimi niache chaki nikachezee matope! Aliapa kwamba nikiendelea hataniita binti yake, na wewe, dada yake mkubwa, ukamjibu mbele ya wageni wa kipaimara: "Basi na mimi usiniite dada." Ukanichukua kwako, ukanipa banda la mbuzi liwe karakana. Tangu siku hiyo hukukanyaga nyumba wala migomba ya kihamba chake, naye hakukanyaga chako, mpaka tulipokuzika kati ya migomba yako. Hilo limekuwa likinichoma, Shangazi. Mchanga wangu uliwatenganisha ndugu wa tumbo moja. Nikajiapia kwamba picha hii ikishindwa, narudi darasani na kumwomba baba msamaha.

Basi siku ya ufunguzi mlima wenyewe ukajifunika mawingu. Wageni na kamera zao, maskini, wakabaki kutazama ukungu. Meneja akaniita, "Ndugu Msanii, hebu tuonyeshe wa kwako!" Nikageuza. Mchanga ukagoma. Jamani, ukagoma kabisa! Hewa ilikuwa nyingi mno, ikauzuia juu. Mtu mmoja akakohoa. Nikaigonga fremu kwa kiganja, polepole, moyo ukidunda kuliko mkono. Mara ukachirizika uzi mmoja, ukafuata mwingine, halafu Kibo ikaanza kupanda mbele ya macho yetu, nyeusi chini, nyeupe kileleni! Wapishi walitoka jikoni wakipiga vigelegele. Mimi nililia bila aibu.

Na nyuma ya wote, kofia mkononi, alisimama baba.

Aliondoka kabla chai haijaletwa, nami furaha ikaniingia nusu nusu. Asubuhi yake nikamwona anapanda njia ya kwako, kavaa suti ya Jumapili, ameshika jani la sale. Unajua kwetu: anayekujia na sale anaomba msamaha, na humkatalii. Nikapiga magoti, nikanyoosha mikono yote miwili nipokee. Hakunipa. "Msamaha wako nauomba kwa mdomo, mwanangu," alisema. "Nisamehe. Jani hili ni la dada yangu."

Akaja hapo ulipolala, akaliweka, akakaa chini kwenye udongo na suti yake, akakusimulia picha nzima kwa mikono: hivi unaanguka, hivi unazunguka povu, hivi unajenga. Alipokosea nilimsahihisha. Alikueleza mpaka jua likawa kali, na sauti yake ilikuwa ya kijana.

Kwaheri, Shangazi. Nakuahidi, kazi hii siiachi, na baba sitamwacha aje kwako peke yake. Pokea sale lake. Umeshamnunia vya kutosha.

Mwanao,
Aikande