Malkia Amepanda Mizinga

Jumatatu, 3 Juni
Nimemmaliza. Nimemng'oa mzima, mizizi na vikonyo. Sagalla nzima hakuna mwanamume anayemweza Malkia ila mimi.

Uongo. Nimekata kile kipande kilichoingia dirishani, nikachoka, nikanywa chai. Malkia ni ua langu la kutambaa, rangi ya zambarau, mdomo kama tarumbeta. Nilimtoa Voi, kijiti kimoja ndani ya kofia. Sasa amekula choo, amekula kamba ya nguo. Asubuhi anafungua maua yote kwa pamoja mpaka nacheka peke yangu. Mrembo kupita kiasi. Adabu hana.

Jumatano, 5 Juni
Mama Mkawasi amekuja amefura. Jirani yangu, mjane, ulimi wembe. Malkia amevuka mpaka, amepanda uzio wake wa mizinga. Huku kwetu mizinga ya nyuki inaning'inia kwenye waya kuzunguka shamba. Ndovu akisukuma waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka na hasira, ndovu anarudi mbugani mbio. Sasa Malkia ameifunga mizinga kwenye nguzo kama mtoto mgongoni. Haiyumbi.

"Mzee, nyuki umewafungia mlango, ndovu umewafungulia."

Nikamwambia hata ndovu anapenda maua. Hakucheka. Mahindi yake yamebeba, na msimu uliopita ndovu hawakumwachia hata bua. Nimeona aibu. Kidogo.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeenda na panga saa ya jua kali. Ujinga. Nyuki hawachokozwi mchana, hata mtoto wa hapa anajua. Nilijua pia. Nilitaka tu Mama Mkawasi anione. Ameniona, nikikimbia bila kofia. Amecheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema tungoje kesho jua likishuka, yeye na moshi, mimi na panga.

Ijumaa, 7 Juni
Sijavua hata viatu, naandika hivyo hivyo.

Tulianza jua likizama. Upande wa nyumba tukafungua. Upande wa barabara tukafungua. Ikabaki mizinga ya upande wa mbuga. Mara matawi yanavunjika. Ndovu, jike mkubwa mbele, wengine nyuma. Karibu mno, nikasikia tumbo lake linanguruma.

"Mzee, kata ama tukimbie," akaninong'oneza.

Nikakata. Sikuchagua pa kukata. Malkia akaanguka mzima mzima, jike akasukuma waya, mizinga ikacheza. Weee, ikacheza! Nyuki wakavuma kama lori linapanda mlima. Ndovu wakageuka, masikio yanapiga, mikia juu. Sisi kifudifudi kwenye mahindi. Nikapiga vigelegele kama shangazi wa bwana harusi. Umri huu! Sijafurahi hivi tangu nioe.

Jumamosi, 8 Juni
Kimya. Mahindi yote yamesimama.

Nimechimba mizizi ya Malkia upande wa uzio wote. Imeniuma. Wa chooni nimemwacha, lakini nitakuwa nikimpunguza kila asubuhi kabla ya chai. Huu si uongo.

Mgongo unawaka. Nyuki hawakujua niko upande wao. Miiba imebaki katikati, pale mkono haufiki. Nimetembea taratibu mpaka kwa Mama Mkawasi. Alikuwa anachambua pojo za chakula cha mchana. Nikageuka, nikainua shati.

"Nitolee hii miiba, mama. Hiyo tu ndiyo nakudai."