Bunduki ya Upepo na Baridi ya Njombe

Njombe, Jumatano, Juni 1954

Naandika haya ili kesho nisije nikaisingizia bunduki kosa lililo langu.

Bunduki yenyewe ni ya upepo, kazi ya Wajerumani, niliyoinunua kwa bei ambayo mtu mwenye akili angenunua ng'ombe. Juzi, nikiwa Makambako, niliifungua, nikabadilisha springi, nikaipaka grisi nzito kwa ukarimu wa kisomi. Kule, kwenye jua la mchana, ilitoboa debe kama karatasi. Nikajipongeza kwa Kiingereza.

Leo alfajiri nimeipeleka kwa Mzee Atukuzwe, baba yake Tumsifu ninayetaka kumposa; ndege wanammalizia mzee ulezi shambani. Kwanza nilimhutubia juu ya mgandamizo wa hewa. Kisha nikafyatua. Grisi ilikuwa imeganda kwa baridi. Springi ikajivuta kama karani wa Jumatatu, na risasi ikadondoka karibu na viatu vyangu. Hakuruka ndege hata mmoja.

"Mwanangu, imekohoa hiyo," alisema mzee. "Ipe chai ya tangawizi."

Tumsifu alicheka mpaka akaketi chini. Ana kicheko kizuri mno. Laiti angekitumia kwa jambo jingine.

"Na mshenga wako asije kwanza," mzee akaongeza. "Anayeshindwa na ndege atamlisha nini binti yangu?"

Nimeifuta grisi yote na kuweka mafuta mepesi ya cherehani. Yakiganda nayo, sijui...

Niliomba nirudi mchana, jua likiwa kali. Mzee akajibu kwamba ndege wake hula asubuhi. Basi jaribio la pili ni Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, shambani kwake.