Mvua Kwenye Mahori ya Yurea

Ranchi ya Wattle Creek,
9 Novemba 1986

Mpendwa Baba,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Nyonga inaendeleaje baada ya upasuaji? Nimesikia umeanza kutembea kwa fimbo na umeshagombana na muuguzi, nikajua unapona. Huku sisi tu wazima. Wasio wazima ni ng'ombe, na hilo unalijua.

Barua yako niliipata Jumanne. Umeniagiza nimwambie Desmond, mume wa Coral, afungashe virago kabla ya Krismasi, kwa sababu amekuulia ng'ombe thelathini na wanane kwa siku moja. Sijamwambia bado.

Unajua nilivyomdharau shemeji huyu tangu Coral alipomleta. Mtu mzima, ananawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika mkate. Juu ya farasi anakaa kama kuku anayeatamia. Chuo kilimfundisha kila kitu isipokuwa kunyamaza. Mwezi wa nane, nyasi zilipokauka, alitukusanya jikoni atueleze kwa nini tunawawekea ng'ombe chumvi yenye yurea. Eti tumboni mwao wamo vijidudu, hao ndio wanaoila hiyo yurea na kusaga majani makavu, na bila hiyo ng'ombe atashiba huku anakonda. Mimi nimebeba hayo magunia miaka ishirini! Nikamuuliza kama hao vijidudu nao wananawa kwa sabuni. Coral akanifokea kwamba nina mdomo mchafu, nikamjibu kwamba aliyeolewa na daftari ni yeye, si mimi.

Wewe ulikuwa ukiichanganya chumvi hiyo kwa koleo na kwa macho. Yeye, ulipolazwa, akaleta mizani. Wewe, wingu la kwanza likijitokeza, ulikuwa ukitutuma tukapindue mahori yote, mvua isije ikatuama humo ikayeyusha yurea na ng'ombe wakainywa, maana ikinywewa ni sumu. Yeye akasema huko ni kukimbizana na mawingu bure. Tuyatoboe matundu chini hayo mapipa yaliyopasuliwa kuwa mahori, maji yapite yenyewe. Nilimcheka mpaka nikatokwa na machozi.

Mvua ikanyesha mwishoni mwa Oktoba kwenye malisho ya kaskazini. Asubuhi tuliwakuta ng'ombe wamelala kuzunguka mahori, matumbo yamevimba, povu puani, wachache bado wanatetemeka. Desmond alipiga magoti kwenye tope akawamiminia kooni kwa mpira siki na maji ya kuvunja makali ya sumu, mmoja baada ya mwingine, mpaka mikono ikachubuliwa na meno yao. Aliokoa tisa. Mimi nilikuwa nampitishia ndoo huku namtukana moyoni.

Baba, matundu hayakuwapo. Kazi ya kutoboa alinipa mimi. Nilichukua keekee, nikaendesha gari hadi kaskazini, nikakaa chini ya mti nikanywa chai, kisha nikarudi nikamwambia nimemaliza. Nilijiambia sitoboi mapipa ya baba yangu kwa amri ya mtu wa chuo. Jioni ile ya mvua, mawingu yalipokusanyika, Coral aliuliza kama hatuendi kupindua mahori. Desmond akasema hakuna haja, Neville ameshatoboa. Nilikuwa mezani palepale, natafuna. Gari lilikuwa na mafuta na jua lilikuwa halijazama. Nikanyamaza. Kesho yake nikakuambia kwenye simu ya redio kwamba ni uzembe wa Desmond, nawe ukaniamini.

Naye Desmond anajua. Asubuhi ile aliinua hori moja, akapapasa chini yake, akanitazama, kisha akaniambia tu nilete siki nyingine. Hajamwambia hata mkewe. Jana nilimuuliza kwa nini hasemi. Alijibu, "Yule ni baba yako, Neville, si wangu. Mwambie mwenyewe."

Usidhani nimeanza kumpenda. Ananikera kama zamani, na sasa ananikera zaidi kwa sababu kuhusu matundu alikuwa sahihi. Lakini mwenye kustahili kuondoka hapa ni mimi, na ukisema niondoke nitaondoka.

Nakufahamu pia, Baba. Ungeichoma barua hii ili kunisitiri, halafu ungemfukuza yeye. Kwa hiyo nimeiandika mara mbili, na nakala ya pili Coral anaisoma sasa hivi jikoni.

Wasalimie majirani wote wa wodini, na umsikilize huyo muuguzi.

Mwanao,
Neville