Matanga ya Mama Muzima

Mama yangu mupenzi,

Uko muzima? Nauliza kweli kweli, kwa sababu huku Beni balikulilia, na sasa utasikia namna gani. Baridi ya Masereka inakuachia kidogo? Mboga zako za poireaux zimetoka vizuri, ao basoda na bunduki zabo balipita tena mu shamba? Sisi tuko salama. Tantine, mudogo wako, anatupigia kelele kama kawaida, na kazi ya kushona inaendelea.

Mama, sikukuandikia hii mbele kwa sababu ya haya. Nywele zangu zilianza kutoka. Nikichana, zinabaki ku kichanuo. Nikiamuka, zimejaa ku muto. Kisha mwezi wangu ukapotea. Nilikuwa nasinzia juu ya mashini, na baridi inanishika. Mimi mutu wa Masereka, kusikia baridi ku Beni! Nikawaza: mama ya Paluku, muchumba wangu, akijua kama sitazaa, mbuzi za mahari hazitatoka, na Paluku atapewa bibi mwingine.

Donc asubuhi moja nikakasirika, nikakamata wembe, nikanyoa yote. Sikuwaza hata kidogo kama mwanamuke akinyoa, batu banajua ni matanga! Nikaenda kuchota maji ku source bila kitambaa ku kichwa. Bamama bakaona kichwa, bakaweka bidons chini.

«Yoo! Nani amekufa?»

Mbele ya kujibu, mumoja akasema: «Barabara ya Butembo, ya kwenda kwabo Masereka, imefungwa, basoda beko huko... Ni mama yake!» Nikasema hapana, hapana. Bakazani huzuni imenichafua akili.

Jioni kiwanja kilijaa. Mikeka, kuni, masufuria ya maharagi. Tantine mwenyewe alianza kulia mbele ya kuuliza! Na nani anaingia? Mama ya Paluku, infirmière wa kutunza bagonjwa, ule nilikuwa namukimbia. Akaikala karibu yangu, akanishika mukono.

«Kavira, mukono yako iko baridi hivi?» Akanigusa shingo. «Na hii shingo imevimba tangu lini?»

Ee Mama, hapo ndipo nililia ya kweli. Nikasema yote mbele ya batu: mama yangu yuko muzima, ni nywele, ni mwezi. Kisha mama mumoja muzee akafoka: «Unanyoa na mama yako anapumua? Unamuitia kifo!» Mama ya Paluku akacheka mupaka kitambaa chake kikaanguka. «Mumuache. Maharagi imeiva, tukule.»

Kesho yake akanipeleka kwa docteur. Kumbe tezi ya shingo imelegea, hormones zake hazitoshi mu mwili. Ndiyo inaangusha nywele, inazuia mwezi, inaleta baridi. Si uchawi, si utasa. Nakunywa dawa, comprimé moja kila asubuhi, zinapitia ku mupaka wa Kasindi. Na mwezi wangu umerudi, Mama! Nililia ku choo kwa furaha, Tantine akazani nimeumwa na nyuki.

Nikajikaza, nikauliza mama ya Paluku kama mbuzi zitatoka. Akaniangalia: «Nitazitoa mu mikono ya mama yako mwenyewe. Nilimulilia sana ule mama, lazima nimuone.»

Salimia Tata, bwana yako, na kaka Kambale muchungaji wa mbuzi. Nyanya, mama ya Tata, hapana kumuambia kama nilinyoa. Atapiga kelele mupaka Lubero.

Barabara ikifunguka, kuja. Nywele zangu zimeanza kushikika na vidole. Tantine anataka kuzisuka, nimemukatalia. Zinangojea mikono yako.

Mutoto wako,
Kavira