Tumbaku ya Kuba kwa Babu Ebeneza

Njombe
Jumapili, 27 Aprili 2025

Mpendwa Shangazi Jenifa,

Shikamoo. Mimi mzima. Kikohozi kimekwisha, kimebaki kile cha asubuhi tu, na hicho bweni zima tunacho kwa sababu ya ukungu. Wewe hujambo? Mjomba Omary je, na Mwanaheri? Baba na mama hawajambo huko Lupembe, chai imechipua sana kwa mvua hizi.

Barua yako niliisoma nikiwa nimejificha nyuma ya jiko la shule, kwa sababu nilikuwa nacheka peke yangu. Kuba! Kwamba kampuni ya matairi inaweza kumpeleka mtu na mkewe kutoka Makambako wakaote jua Kuba, kisa ameuza matairi mengi kuliko mawakala wenzake! Nilikwenda maktaba nikafungua atlasi. Kisiwa chenyewe kirefu, kimejinyoosha baharini kama mjusi ukutani.

Umeniuliza umletee Babu kitu gani ambacho hatakirudisha. Nimelifikiria swali hili kuliko hesabu zangu. Blanketi alilirudisha likiwa bado kwenye nailoni. Redio aliirudisha na betri zake. Simu yako hapokei. Tangu mfunge ndoa bomani wewe na Mjomba Omary, miaka sita sasa, sijamsikia akikusema vibaya hata siku moja. Ila ukitajwa anainuka kwenda kuchochea moto, hata kama moto unawaka vizuri.

Lakini kuna jambo moja nililiona. Nilimsindikiza sokoni, na tulipofika kwa mama anayeuza tumbaku ya kusokota, Babu akasimama. Hakununua, mzee wa kanisa atanunuaje? Alivuta tu pumzi, macho ameyafumba, mpaka mtu wa mkokoteni akapiga kelele, "Mzee, njia!" Tukiwa tunarudi akaniambia kwamba ujanani alilima tumbaku huko mbele ya Songea, na kwamba hajawahi kukutana na harufu nzuri kama ya ghala la tumbaku asubuhi.

Kitabu cha maktaba kinasema Kuba ndiko kwenye tumbaku inayosifiwa dunia nzima. Wanaisokota kuwa sigara nene kama kidole gumba na kuzipanga kwenye boksi la mbao. Sisemi avute. Ila nadhani hataweza kuzirudisha kabla hajanusa, na akishafungua boksi, si atakuwa amepokea? Ni mawazo yangu tu, Shangazi. Naweza kuwa nimekosea.

Safari njema. Naomba uniangalizie kama bahari ya huko ina rangi ile ya kwenye picha.

Mwanao,
Sila


Varadero, Kuba
Jumatano, 14 Mei 2025

Sila mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Kifua chako kinaendeleaje? Vaa ile sweta, hata kama wenzako wanaicheka. Sisi ni wazima, ila Mjomba wako ameungua pua. Mwanaheri tulimwacha kwa mama yake Omary na nasikia amekataa kabisa kutukumbuka. Barua hii naiandika huku lakini nitaitumia Makambako. Posta ya huku na ya kwetu zikitegeana, utaipata ukiwa umeshaoa.

Bahari ni ile ile ya kwenye picha, hawakudanganya. Asubuhi tunapewa viti vya kulala mchangani. Mimi, mtoto wa Njombe, nimelala mchana kweupe na hakuna anayeniita nikapalilie!

Sasa sikia. Biri za baba, zile sigara nene, nimezipata.

Alikuja kijana mmoja ufukweni, kofia pana, begi begani. Kiingereza chake kibovu kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri sana. Aliposikia tunatoka Afrika akanikumbatia, akasema sisi ni familia. Dada yake, anasema, anafanya kazi kiwandani, na wiki hii wafanyakazi wameruhusiwa kuuza za kwao wenyewe. Akatoa boksi la mbao, Sila, lina muhuri na utepe, zuri hata kulitazama.

Omary akaniita pembeni. "Mama Mwanaheri, muulize mbona hataki tufungue."

"Anasema zikipigwa na upepo wa bahari zinaharibika."

"Dukani hotelini si zipo? Na risiti wanatoa."

"Hizo ni za watalii. Hizi zinatoka kwa wafanyakazi wenyewe."

"Na sisi ni nani kama si watalii? Mke wangu, huyu anauza kama wale wa stendi wanaokuuzia simu, ukifika nyumbani unakuta kipande cha sabuni."

Nikamwambia, "Omary, kwenye matairi nakusikiliza. Kwa baba yangu niachie mimi." Alinikataza tena tulipokuwa tunalipa, kisha akageuka akatazama bahari. Unamjua alivyo mpole.

Kijana alinifundisha kuzitunza, zisikauke. Kila usiku nalizungushia boksi taulo yenye unyevu. Omary anasema Mwanaheri alipozaliwa sikumlea hivi.

Makambako, Jumatano, 21 Mei. Tumefika salama, Mungu ni mwema. Pale uwanja wa ndege wa Kuba mkaguzi alilichukua boksi, akalinusa, akamwita mwenzake naye akanusa. Wakatazamana, wakatabasamu, wakanirudishia kwa mikono miwili. Nikaona kumbe na wao wanaheshimu zawadi ya mzazi. Dar wakaniuliza za nani, nikasema za baba yangu. "Baba yako ni nani, waziri?" Nikasema, "Ni mzee wa kanisa." Wakacheka mpaka wakasahau kukagua begi la Omary.

Boksi linakuja pamoja na barua hii. Mpelekee Jumapili. Sila, nikwambie ukweli, sihangaikii zawadi. Mwanaheri ana miaka minne na ananiuliza babu yake anakaa wapi, wakati kutoka hapa hadi Njombe unafika hata chapati haijapoa. Nataka kuingia kwenye ule mlango nikiwa na mtoto wangu na mume wangu, baba aseme karibuni. Basi. Na boksi hili nalo likirudi, sitatuma kitu tena, maana nitakuwa namsumbua mzee wa watu.

Shangazi yako,
Jenifa


Njombe
Jumapili, 25 Mei 2025, jioni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na karibuni tena nyumbani. Pua ya Mjomba imepona? Mimi ni mzima wa mwili, lakini wiki hii nimepata mitihani ambayo haipo kwenye ratiba.

Shangazi, ulinitumia boksi la tumbaku shuleni! Vifurushi vyote hufunguliwa na mwalimu wa zamu. Mwalimu Xaveri alifungua mbele ya foleni nzima ya chai, akanitazama, akasema, "Sila? Wewe?" Nilitaka kueleza, lakini unajua mimi mbele za watu maneno hukimbia. Nikampa barua yako asome. Akaisoma yote, hadi kwenye pua ya Mjomba. Akalifungia boksi ofisini na leo akanikabidhi, akasema, "Nenda, na uniletee majibu." Bwenini sasa naitwa Mkuba.

Nilimkuta Babu ametoka ibadani, anamenya viazi. Nikamwamkia, "Kamwene Babu," nikaliweka boksi mezani.

"Nini hicho?"

"Kimetoka kwa Shangazi."

Babu akainuka akaenda kuchochea moto. Akiwa amenipa mgongo akasema, "Utakirudisha, kama vile vingine."

Siku zote akisema hivyo mimi husema ndiyo, Babu. Leo nilimwona akilini Mwanaheri akikuuliza babu yake anakaa wapi, sijui ni kwa nini, maana sikuwepo. Nikasema, "Nitarudisha. Ila ni tumbaku ya Kuba, Babu. Mimi naifungua ninuse."

Nikakata utepe. Babu hakugeuka, lakini aliacha kuchochea.

"Inanukaje?" akauliza.

"Sijui. Kama mkeka."

"Mkeka?" Akaja. Akachukua moja, akaisogeza puani, akavuta pumzi kama siku ile sokoni, akasubiri. Akavuta tena. Akaisugua karibu na sikio, akaisikiliza. Uso wake ukawa hauna kitu kabisa. Kisha akachukua kisu cha viazi akaipasua katikati, kwa urefu.

Shangazi, naomba ukae chini. Nje kulikuwa na jani moja la tumbaku. Ndani yalikuwa majani makavu ya mgomba na vipande vya gazeti. Tukapasua nyingine na nyingine. Zote ni hivyo hivyo.

Nilitaka ardhi inimeze, kwa sababu wazo lilikuwa langu. Babu akasimama akapiga meza, viazi vikaruka.

"Nani amemuuzia mwanangu takataka hii?"

Alisema mwanangu.

"Ni kijana wa ufukweni, Babu. Alimwambia ni familia."

"Familia! Mtu mzima anatoka hapa mpaka mwisho wa dunia, anamkumbuka baba yake, halafu mhuni anamfungia migomba! Na huyo mume wake alikuwa wapi? Anatazama tu mke wake anaibiwa?"

Nikaona hapa nikinyamaza ninamharibia Mjomba Omary. Nikatoa barua yako nikamsomea kile kipande, kuanzia "Mama Mwanaheri, muulize" mpaka "niachie mimi."

Babu akakaa. "Rudia."

Nikarudia.

"Kwa hiyo yeye aliona."

"Aliona, Babu."

"Akamwambia."

"Mara mbili."

"Na Jenifa hakusikia."

"Hakusikia."

Akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia, nikasogea. Kumbe anacheka, Shangazi! Alicheka mpaka akakohoa, akajifuta machozi kwa kitambaa alichokuwa anafutia viazi. "Huyo ndiye Jenifa," akasema. "Hata nikimwambia mbuzi huyu ni mgonjwa, atamnunua. Mama yake alikuwa hivyo hivyo." Halafu akatazama moto. "Maskini Omary," akasema. "Pole yake."

Ni mara ya kwanza namsikia akilitaja jina hilo.

Sikumwuliza kuhusu kurudisha boksi, na yeye hakusema. Nilipoondoka lilikuwa mezani, wazi. Sijui maana yake ni nini, ndiyo maana nakueleza kila kitu kama kilivyokuwa.

Mwanao,
Sila


Makambako
Jumatano, 28 Mei 2025

Sila mwanangu,

Hujambo? Mimi sijijui. Barua yako niliisoma dukani nimesimama kati ya matairi, nikacheka, nikalia, mteja akaondoka.

Migomba! Nimeilaza migomba kwenye taulo yenye unyevu wiki nzima! Na wale wakaguzi na tabasamu lao! Mjomba wako tangu jana hashikiki. Hajasema "nilikwambia," hapana, ni mstaarabu mno. Anapita tu na kusema, "Baba mkwe amenipa pole." Amemwambia fundi, amemwambia muuza chipsi, leo amemwambia hadi imamu.

Lakini mwanangu, nimekuwa mwoga sasa. Kucheka ni kucheka, kesho yake mtu anaamka na moyo wake ule ule. Nikija mwenyewe na Mwanaheri mkononi, halafu ainuke aende kuchochea moto? Mimi nitavumilia. Mtoto nitamwambia nini? Mchunguze polepole. Kama hakusema lolote, usimlazimishe, na wala usijilaumu. Wazo lako lilikuwa zuri, ni mimi niliyenunua vibaya.

Mwambie Mwalimu Xaveri kwamba barua za watu hazisomwi hadi mwisho.

Shangazi yako,
Jenifa


Njombe
Ijumaa, 30 Mei 2025

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nina afya, naamini na ninyi mnayo. Naandika kwa haraka kwa sababu anayeisubiri barua hii amesimama getini na hapendi kusubirishwa.

Sikupata nafasi ya kumchunguza. Leo baada ya vipindi niliitwa, nikawakuta Babu na Mwalimu Xaveri wanazungumza kama marafiki wa zamani. Babu amevaa koti lake la Krismasi. Amenyoa. Aliniuliza mbele ya mwalimu kama kwa Omary mtu anavua viatu mlangoni. Nikasema sijui, ila nadhani ndiyo. Akasema basi itabidi anunue soksi.

Kisha akaniuliza mtoto anaitwa nani. Analijua, Shangazi, nimemsomea. Nikamwambia Mwanaheri. Akalisema taratibu, kisha akalisema tena, kama mtu anayejifunza wimbo kabla ya ibada.

Nilimwuliza kama nikupigie simu kupitia ofisini ili mjiandae. Alikataa. Anasema ukijua, utaenda kununua kitu.

Ameniambia pia kwamba amemwomba mzee mwenzake amshikie zamu ya sadaka Jumapili. Kwa miaka yote ninayomjua, Babu hajawahi kukosa zamu yake. Kwa hiyo, Shangazi, tandika kitanda, maana atalala.

Ndiye anayekuletea barua hii. Ukimaliza kuisoma, usimwache mlangoni.

Mwanao,
Sila