Meno Yangu, Sinyatire Yake

Siku ya kwanza ya juma, 6 fevrier 1978

Nimefua nguo za Furaha tangu asubui, mvua imezirudisha ndani zote. Jino la nyuma halikunipa usingizi. Tangu mimba linanisumbua, sasa shavu imevimba. Nimesukutua maji ya chumvi, nimetafuna kitunguu saumu. Bure. Kesho nashuka mujini kwa muganga wa meno. Niko na woga. Lakini jino likitoka nitalala, nitachoma mahindi, nitakula upande zote mbili.

Siku ya pili, 7 fevrier

Nilikaa kwenye benchi mupaka saa sita, Furaha mugongoni. Muganga ni mutu safi, viatu vinang'aa. Alinigonga meno na kachuma. Akasema la nyuma litoke, na mawili ya mbele yanaanza kuoza pembeni, yatoke pia.

Nikamwambia: la nyuma, ndiyo. Ya mbele, hapana, dokta. Hayaniumi.

Akacheka. "Citoyenne, weye ulisomea meno wapi?"

Infirmière, mwanamuke anayemusaidia kazi, naye akacheka.

Nilisoma mupaka tano ya primaire kwa masista, meno sikuyasomea. Lakini hayo mawili ndiyo yenye mwanya. Ni mwanya wa mama yangu. Baba Furaha alinipendea huo, alisema mwenyewe. Na mutoto kila nikicheka anatia kidole pale.

Halafu hata hilo la nyuma hakuling'oa. Eti bibi wa mutu hang'olewi jino kama bwana yake hajasinye karatasi, hajatia sahihi. Nikamwambia maumivu ni yangu. Akasema: "Bwana yako akija kunipigia kelele hapa, ni weye utanitetea?"

Nikapanda tena kwetu Bagira na jino langu.

Siku ya tatu, 8 fevrier

Baba Furaha ameenda Luvungi kununua mupunga wa patron wake. Juma mbili. Camion ilipiga honi barabarani, hakuwa na wakati. Akapasua ukurasa wa kaye ya kuandikia, akasinye chini kabisa. Juu akaacha nyeupe. "Muganga anajua kifaransa chake, atajaza mwenyewe."

Iko na sinyatire nzuri, yenye mukia murefu kama ya wakubwa. Nimeitia katika karte ya ubatizo isilowe. Mutaa wetu wa Kasha nzima hakuna bwana anayesinye vile. Kesho kutwa nitapona.

Siku ya tano, 10 fevrier

Meno matatu. Damu haikauki. Siwezi kuandika.

Siku ya posho, 11 fevrier

Naandika sasa.

Muganga alichoma sindano nyuma. Halafu akachoma na mbele. Nilidhani ndiyo namna. Jino la nyuma likatoka, nikalisikia likianguka ndani ya bakuli, nikataka kuinuka. Akanirudisha na kiganja kwenye kipaji cha uso. Chuma kikaingia mbele. Nikasema hapana, lakini midomo ilikuwa imekufa, ilitoka sauti tu kama ya mbuzi. Nikainua mukono. Akamwambia infirmière: "Mushike, anaogopa."

Sikuogopa. Nilikataa.

Alinisikia siku ya pili nikikataa, na midomo yangu mizima. Alinisikia vizuri.

Siku ya Mungu, 12 fevrier

Sikwenda kuimba misa. Jirani yangu Mama Zawadi alileta uji. Nikamufungulia kinywa. "Eeh, mama! Sasa utapiga filimbi bila filimbi." Tukacheka wote wawili, mimi nimefunika na kitenge. Alipoenda nililia.

Furaha alitia kidole akitafuta. Akakuta nyama tupu. Akanitazama, akatia tena.

Siku ya kwanza, 13 fevrier

Nilishuka kumuuliza muganga kwa nini. Hakukasirika, ile ndiyo mubaya. Akafungua tiroare ya meza, akanionyesha ile karatasi ya kaye. Pale peupe ameandika kwa biki nyekundu. Nilisoma polepole: meno matatu, na bwana anakubali kila kitu muganga ataona ni ya lazima. Chini yake ule mukia murefu.

"Unaona? Kila kitu iko katika sheria."

Namuchukia. Na mimi najichukia, ni mimi niliikunja, ni mimi niliibeba isilowe.

Siku ya pili, 21 fevrier

Baba Furaha amerudi na vumbi ya Luvungi. Niliondoa kitenge kwenye kinywa. Hakugusa bugali, ikapoa. Halafu akauliza: "Na weye ulikuwa pale, haukukataa?"

Nikafunika kinywa tena. Akasema kesho tunaenda, atamuonyesha yule muganga.

Nililala na tumaini. Naandika hii ili nikumbuke kwamba nililala nalo.

Siku ya tatu, 22 fevrier

Muganga aliinuka. Alimupa bwana yangu mukono, akamupa kiti. Kiti kilikuwa kimoja. Akasema: "Citoyen, nakuomba pardon juu ya bibi yako. Ilifaa nikungoje urudi, nikuelezee." Baba Furaha alikuwa ameingia na ngumi. Nikaona vidole vinafunguka kimoja kimoja. Akasema haina neno, dokta, yamepita.

Muganga akamuuliza kama anataka aniwekee mawili ya bandia. Bwana yangu akasema tutaona.

Nikasema: "Na mimi?"

Waligeuka wote wawili kunitazama, sawa vile benchi ndiyo imesema.

Mukono uliosinye ndio ulipewa pardon. Kinywa ni changu, nacho hakikuombwa kitu, si mbele, si nyuma.

Njiani aliniuliza: "Unanuna nini, si ameomba radhi?" Nikamwambia sijamusamehe, hakuna aliyeniomba. Alitembea mbele yangu mupaka nyumbani.

Siku ya Mungu, 5 mars

Nimeenda misa. Nimeimba. "S" inatoka na upepo, mama mumoja aligeuka, nikaendelea.

Mchana Furaha alikuwa anatafuna kijiko, kikalia: tik. Jino! Baba Furaha akaruka, akamushika kidevu, kidole tayari kupanua midomo. Mutoto akabana, akaanza kulia.

Nikamushika mukono. "Acha kwanza. Hajafungua."

"Iko mutoto, anajua nini?"

"Anajua. Amebana."

Alinitazama, akatazama kinywa changu. Akaondoa mukono wake.

Tukakaa chini kwenye mukeka, tukangoja. Nikacheka wazi, bila kitenge. Furaha akanyamaza, akatia kidole kwenye pengo langu, akazungusha. Halafu naye akacheka.

Jino lake iko chini, upande wa kushoto. Ndogo, nyeupe, kama punje ya muchele.